Shangazi Aliyesema Amekwisha Kufa

Tangu nirudi mmekuja mmoja mmoja kuniuliza, na kila mmoja nimempa kipande tu. Sasa wengine mnadhani nilikwenda msibani, wengine mnasema nilikwenda kutoa pepo, na kuna aliyesikia sokoni kwamba nimeolewa na pasta. Basi nimekaa chini niyaandike yote mara moja, tangu bandarini hapa Kalemie hadi milima ya Marungu, na namna tulivyorudi.

Wengi wenu hamkumjua Shangazi Melania. Ni dada wa marehemu baba yangu, yule aliyefanya kazi reli. Alikuwa sista. Nyumba yao ya masista ilipofungwa wakati wa vita, wenzake walihamishwa, naye akaomba abaki peke yake katika kijiji cha wazazi wake, juu ya Kirungu, alime maharagi yake na kusali. Ni yeye aliyenifundisha, nikiwa bado msichana, kwamba sala si lazima iwe maneno. Alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, macho wazi, hata nzi akimtua usoni hamfukuzi. Akimaliza aliimba nyimbo za arusi za Kitabwa, zile ambazo bibi arusi anazunguka akimtafuta mume aliyejificha. Nilipomuuliza kwa nini sista anaimba nyimbo za arusi, alisema hajapata nyimbo nyingine zinazomfaa Mungu. Baadaye nilisoma filozofi, nikaanza kuifundisha kwenye sekondari, na katika vitabu vya wazee wa Ugiriki nilikuta mambo yanayofanana na yale aliyonionyesha shangazi bila kitabu.

Halafu Kabwe akanipigia simu. Kabwe ni mtoto wa ndugu mwingine wa baba, na nyumba yake inapakana na ya shangazi. Mtoto wake wa kiume alikuwa amekufa kwa shurua. Kwenye kilio, wamama wote wakilia, shangazi alikaa macho makavu. Walipomuuliza ni moyo gani huo, alijibu: "Kifo hakinitishe. Mimi nilishakufa zamani."

Mimi nilijua alichotaka kusema. Watu wa sala wa namna yake husema hivyo: yule mtu wa ndani anayetaka heshima, anayetaka mali, anayetaka kusikilizwa, amekwisha kuzikwa. Lakini Kabwe, ambaye siku ile alikuwa anamzika mwanawe, alisikia kitu kingine. Muntu aliyekufa na anaendelea kutembea, aliniuliza, anaishi kwa kula nini? Kisha akajijibu mwenyewe. Akasema wameita mtumishi wa Mungu kutoka mbali, na akifika mambo yataisha. Nilipopiga tena, simu yake ilikuwa imezimwa. Namna mambo ya aina hiyo yanavyoishia juu ya mama mzee anayeishi peke yake akishaitwa mchawi, sina haja ya kuwaeleza.

Bandarini

Boti ya mbao iliyokuwa inakwenda Moba, bandari iliyo chini ya Kirungu, ilikuwa iondoke alfajiri. Jua lilipanda, likatusimamia kichwani, na bado walikuwa wanapakia simenti, sabuni na makreti ya bia. Kapita, msimamizi wa boti, alikuwa anasubiri mtu wa mazuti ya moteri, mtu wa mazuti alikuwa anasubiri kapita amtafute. Mimi nilikaa juu ya magunia nikihesabu moyoni ni nani atafika kwanza, mimi au huyo mtumishi wa Mungu.

Upande wangu wa kulia alikaa Papa Ramazani, mfanyabiashara wa vitenge vya Kigoma, Mwislamu wa makamo, mwenye tasbihi mkononi na sauti ndogo. Upande wa kushoto alikaa mwanamume mnene wa kifua, mcheshi, aliyejitambulisha kuwa Pasta Asukulu. Alikuwa ametoka pande za Fizi akiwa mvuvi, akafanya biashara ya samaki wa ndagala hapa mjini, kisha akafungua kanisa karibu na ufuko wa wavuvi. Alikuwa na kipaza sauti kikubwa kilichofungwa ndani ya blanketi kama mgonjwa. Alinigawia mihogo yake ya kuchoma kabla hajaniuliza jina. Nilimwambia naitwa Adela, mwalimu, nakwenda Moba. Akasema naye anakwenda huko, kuna familia imemwita kwa kazi ya Mungu. Sikuuliza zaidi. Wapasta wengi husafiri na ziwa hili.

Tulipoondoka hatimaye aliimbisha boti nzima. Hata kapita aliitikia. Papa Ramazani peke yake hakuimba, alivuta tu punje za tasbihi, midomo ikitikisika.

Zongwe

Moteri ilikufa alasiri, mbali na nchi kavu. Upepo wa kusini ulikuwa umeamka, na boti bila moteri iligeuka ubavu, maji yakaanza kuingia. Pasta alisimama akaomba kwa sauti iliyopita upepo, kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Halafu, katikati ya neno, akanyamaza. Niliona macho yake yamefunguka na hayana kitu ndani. Alitazama juu kidogo, akachukua sufuria, akaanza kumwaga maji pamoja na sisi bila kusema tena. Tulitupa simenti ziwani. Vijana wa boti walipiga makasia mpaka viganja vikatoka damu, na kabla ya jua kuzama tulikwama kwenye mchanga wa Zongwe, kijiji cha ufukoni.

Hapo ndipo habari ya ndoa ilipoanzia. Mama aliyetupokea alituona mimi na pasta tumelowa na tumekaa jiwe moja, akafikiri ni mume na mke, akatutandikia chumba kimoja. Nilipokataa alidhani tumegombana, akaanza kumsihi pasta anibembeleze. Pasta alicheka mpaka akakohoa, kisha akamweleza kwa upole kwamba mke wake alikufa na kwamba mimi ni abiria tu. Mimi nikalala na mabinti wa nyumba.

Moteri ilikosa kipande ambacho kilipaswa kutafutwa Moba, kwa hiyo tukabaki pale. Kesho yake mimi, pasta na Papa Ramazani tulikula pamoja, bugali na samaki wa mikebuka waliopikwa kwa mawese, sahani moja. Pasta akaanza kusimulia kazi iliyomwita.

"Kuna mama muzee kule juu ya Kirungu," alisema. "Anasema yeye ni maiti. Anakaa kama jiwe kutoka asubui, hatikisike. Mutoto wa jirani amekwisha kufa."

Niliweka tonge chini. Nilimuuliza, kwa sauti niliyojitahidi iwe ya kawaida, atafanya nini akifika. Alisema atafunga na kuomba juu yake mbele ya watu wote, mpaka pepo iseme jina lake na kutoka.

"Na isipotoka?"

Alisafisha vidole vyake muda mrefu. "Pale familia itajua ya kufanya," alisema, bila kunitazama.

Sikumwambia kwamba ni shangazi yangu. Niliogopa ataniacha nyuma, au atamtumia Kabwe ujumbe wanifungie njia. Niliendelea kula kwenye sahani ile ile.

Papa Ramazani alikuwa ameuona uso wangu. Nilipokwenda ziwani kuosha vyombo alinifuata, akasimama mbali kidogo kwa heshima, akaniuliza yule mama ni nani wangu. Nikamwambia yote. Hakushangaa. Alisema ujana wake alikuwa na mwalimu wa twarika ambaye aliwafundisha kulirudia jina la Mungu mpaka mtu asahau la kwake, na mzee huyo naye alikuwa akiwaambia wanafunzi wake wamalize kufa wakiwa bado wazima. Alidhani shangazi na mwalimu wake wangekaa pamoja siku nzima bila kuhitaji mkalimani.

Nikamwomba apande na mimi mlimani akawaeleze watu hivyo. Akatikisa kichwa.

"Mama Mwalimu, mimi nikimutetea, watasema sasa wamejua ile pepo ilitokea wapi," alisema. "Wewe fika kabla ya pasta. Hiyo njo itamusaidia."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta pasta amekaa peke yake ufukoni, Biblia imefungwa kando yake. Nilitaka kupita. Aliniita akaniuliza kama siku ile botini nilimsikia aliponyamaza. Nikasema nilimsikia. Ndipo akaniambia kwamba tangu mke wake afariki, anaomba na hakuna kitu. Zamani alikuwa akipata moto kifuani, machozi, uhakika. Sasa ni kama kuongea ndani ya nyumba iliyohamwa.

"Niko napiga kelele ili watu wasijue," alisema. "Na mimi pia, ili nisisikie. Wewe uko musomi. Vitabu vyako vinasema nini?"

Nilimwambia ninachojua: kwamba wako Wakristo wa zamani, watu wa sala hasa, waliokaa miaka katika giza hilo, na wengine walisema giza linatokana na Mungu kuwa karibu mno, kama vile ukurasa uliobandikwa kwenye macho hausomeki. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hayo ni maneno ya watu walioshiba, akainuka.

Nilibaki pale nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimemwogopa tangu chakula cha jana, na sasa nilikuwa namhurumia, na bado alikuwa anakwenda kumuua shangazi yangu.

Moba hadi Kirungu

Kipande cha moteri kilipokuja na tukafika Moba, niliruka kutoka botini kabla kamba haijafungwa. Pasta alikuwa bado anabishana na vijana juu ya kipaza sauti chake. Papa Ramazani alinipa kitenge kizito, akasema kule juu kuna baridi, tena akaniaga kwa kuweka mkono kifuani pake. Nikapata pikipiki.

Njia ya kupanda Kirungu mnaijua kwa kusikia. Katikati ya mlima tairi lilipasuka. Dereva aliziba, likatoka upepo, akaziba tena. Nilikaa kwenye ukingo wa njia nimejifunika, nikisikiliza kila mngurumo kutoka chini. Pikipiki tatu zilitupita, na ya katikati ilibeba kipaza sauti ndani ya blanketi. Pasta alinipungia mkono kama rafiki.

Niliwakuta pale njia ya magari inapoishia na ya miguu inapoanza. Kabwe mwenyewe alikuwa ameshuka kumpokea, pamoja na wanaume wa kijiji. Alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa. Alipoona ni mimi hakunisalimu.

"Dada Adela," alisema, "umekuja kumuficha shangazi?"

Pasta aligeuka taratibu. Nilitamani akasirike, lakini uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa na ndugu.

"Ulikula na mimi," alisema.

Wanaume wawili walitaka nirudishwe Kirungu. Pasta alifikiri, akasema hapana, mimi ni mtu wa familia, nipande. Tukapanda wote, yeye mbele, mimi nyuma, ukungu ukishuka juu ya mashamba. Mahali pamoja njia iliteleza, akanyosha mkono nyuma kunivuta, na mkono ule nikaushika. Hatukutazamana.

Kwa shangazi

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta kwenye kigoda, macho wazi, kama jiwe. Tulimkuta anapepeta maharagi. Uwanja ulikuwa umejaa watu, wamesimama mbali kumzunguka, na yeye anapepeta. Aliponiona aliniuliza kama nimekula, kana kwamba nimetoka sokoni. Lakini maharagi yalikuwa yanamwagika pembeni ya ungo naye hayaokoti, nikajua kwamba anaelewa kila kitu.

Mke wa Kabwe alisimama mlangoni pa nyumba yao, kitambaa kimefungwa kiunoni, macho mekundu. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

Niliomba kusema kwanza. Niliwaeleza kama ninavyoeleza darasani: kwamba kufa anakosema shangazi ni kufa kwa tamaa, kwamba anakaa kimya kwa sababu Mungu hana umbo, hana uso, hana sauti ya kusikika kwa masikio, hafanani na kitu chochote tunachokijua. Mzee mmoja aliinua mkono kwa adabu. Akauliza: kama huyo anayemkalia mama hana uso wala sauti, na hafanani na Mungu yeyote tuliyefundishwa, basi ni nani? Watu wakanung'unika kwa kukubali. Nilikuwa nimewapa ushahidi waliokuwa wanautafuta.

Kipaza sauti kilikuwa kimewashwa. Pasta alikishika mbele ya kinywa, akamsogelea shangazi.

"Mama, ulisema umekufa?"

"Nilisema, Papa."

"Wakati unanyamaza, nani anasema na wewe?"

"Hakuna."

Vijana walianza kusogea. Nilimwona mmoja ameshika chupa ya petroli, hakuificha hata kidogo. Pasta naye aliiona.

"Unasikia nini basi?"

"Hakuna kitu," alisema shangazi. "Zamani nilisikia utamu. Halafu uliondoka. Imepita miaka mingi."

Pasta alishusha kipaza sauti. Swali lililofuata aliliuliza kwa sauti yake ya kawaida, na ni sisi wa karibu tu tuliolisikia.

"Na bado unaendelea kukaa pale kila asubui?"

"Niende wapi?" alisema shangazi.

Hapo pasta alinyamaza kama alivyonyamaza botini. Watu walingoja. Walingoja wale vijana, alingoja Kabwe, nilingoja mimi nikiwa nimeshika bega la shangazi. Jasho lilimtoka pasta katika baridi ile. Nilijua anachokifikiri, kwa sababu alinieleza mwenyewe, na nilijua pia kwamba akikosea siku hiyo mbele ya watu waliomwita, jina lake limekwisha katika ziwa lote.

"Hapa hakuna pepo," alisema.

Kabwe alimsogelea mpaka pua zikakaribiana. "Mutoto wangu alikufa."

"Alikufa na shurua, ndugu yangu. Muke wangu naye alikufa na homa. Na mimi pia nilitafuta muntu wa kumubebesha ile kifo."

Kelele zilipanda. Wengine walisema amenunuliwa na mwalimu, walituona tukishikana mikono njiani. Ndipo shangazi aliinuka. Alipita katikati ya wanaume, watu wakimpisha kwa woga, akaenda mpaka mlangoni pa Kabwe, akapiga magoti mbele ya yule mama kijana.

"Mwanangu, nilikosa," alisema. "Wewe ulikuwa unalia mutoto, na mimi nikakuletea maneno ya sala yangu. Ilifaa nilie na wewe."

Akaanza kulia. Si kilio cha kuonyesha watu. Kilimtoka vibaya, kwa kikohozi, kamasi, mabega yakiruka, kama mtu asiyezoea. Nilidhani yule mama atamwinua na mambo yataisha kwa kukumbatiana.

Hakumwinua. Alimtazama muda mrefu, machozi yake mwenyewe yakishuka.

"Sitaki wakuue, mama," alisema. "Lakini siwezi kukuona kila asubui. Ondoka kwetu."

Neno la mama wa marehemu lilikuwa zito kuliko la pasta. Watu walifungua njia. Shangazi aliingiza maharagi yake kwenye kikapu, hata yale yaliyoanguka chini, akaniambia twende. Tulikuwa tumefika kwenye migomba ya mwisho jiwe liliporushwa. Lilimpata pasta juu ya sikio. Hakugeuka, alisukuma tu shangazi mbele. Nilipotazama nyuma, moshi ulikuwa unatoka kwenye paa la nyasi la nyumba ya shangazi, mweupe kwanza, halafu mweusi.

Kushuka

Nilimfunga pasta kichwa kwa kitenge cha Papa Ramazani. Kipaza sauti kilibaki kule juu.

Nilitarajia shangazi atashuka na amani ya watu wa Mungu. Alishuka amekasirika. Alilalamikia kuku wake, alilalamikia mihogo ambayo ilikuwa haijakomaa, alimwita Kabwe mjinga, halafu akajuta, halafu akamwita tena. Karibu na Kirungu alikaa kwenye jiwe akakataa kuinuka.

"Nilifikiri nimeshamupa Mungu yote," alisema. "Kumbe nyumba nilikuwa nimejiwekea."

Pasta alikaa chini kando yake na damu imekauka shavuni. Hakumfariji. Walikaa hivyo, mimi nimesimama nikitazama njia ya nyuma kwa hofu, mpaka alipoinuka mwenyewe.

Kwenye boti ya kurudi ziwa lilikuwa limetulia. Abiria walimtambua pasta wakamwomba aimbishe. Akasema leo hapana. Alikaa karibu na shangazi, na sijui kama walisemezana hata maneno kumi mpaka Kalemie.

Nyumbani

Sasa yuko kwangu, chumba cha nyuma. Wale mnaouliza kama ni mtakatifu, njooni mmsikie anavyogombana na jirani juu ya radio. Pasta Asukulu amepoteza nusu ya kanisa lake. Waliobaki wanasema siku hizi anaomba kwa sauti ndogo mno, na wengine hawapendi.

Shangazi bado anakaa kimya asubuhi. Lakini kuna jambo jipya. Akisikia kuna kilio mtaani, anakwenda. Haombi, hafundishi. Anakaa na wamama, analia nao, anaosha masufuria, anarudi.

Juma lililopita simu yangu ilipigwa, namba ya Kabwe. Nilipokea. Hakuwa Kabwe, alikuwa mke wake. Alisema tu, "Mupe mama." Nikampa shangazi simu, nikabaki mlangoni. Nilisikia kutoka upande wa pili mtu analia. Shangazi hakusema kitu. Aliegemea ukuta, simu sikioni, macho yakimjaa, naye akaanza kulia. Hakuna aliyetamka neno, si huyu wala yule. Walikaa hivyo mpaka unite za simu ya yule mama zikaisha na simu ikakatika, na shangazi akaendelea kuishika sikioni.